Mkono Umechoka

Pavlina alikuwa mshona kola katika kiwanda cha mashati mjini Štip. Kola ni kazi ya wenye mikono stadi. Mfuko ukipinda kidogo, hakuna atakayeona. Kola ikipinda, shati zima limeharibika. Kwa miaka kumi na minne hakuna kola ya Pavlina iliyorudishwa. Mji mzima ulijua jambo hilo, na yeye mwenyewe hakujisumbua kulificha.

Alijivunia jambo jingine pia. Hakuwahi kumwambia msimamizi "siwezi". Ukimuuliza kama kazi itawezekana, hujamaliza kuuliza ameshajibu, "Inawezekana."

Zamani wanawake wa mstari wake wa mashine walikunywa kahawa pamoja kila siku saa tatu na nusu asubuhi. Ilikuwa robo saa tu, lakini humo yalisemwa mengi: nani anaumwa mgongo, mashine ya nani inakata uzi, nani amebaki nyuma asaidiwe. Kisha mwezi wa sita ikaja oda kubwa. Rodna, msimamizi wao, akaiondoa kahawa ili kuokoa muda. Akafungua kundi kwenye simu, akasema mwenye neno aandike humo.

Aliyeandika sana ni Rodna mwenyewe. Aliandika alfajiri. Aliandika Jumapili watu wakitoka kanisani. Kola mia mbili na hamsini kila mmoja kufikia Alhamisi, inawezekana? Pavlina alikuwa wa kwanza kujibu, kwa neno lake lile lile. Wenzake hawakutaka kuonekana goigoi, wakamfuata.

Kufika Septemba, Pavlina alikuwa akilala amechoka na kuamka amechoka. Alimfokea mumewe, Blagoja, kwa sababu ya kijiko. Simu ikilia, kifua kinambana. Kisha mkaguzi akamrudishia mezani kola tisa. Alizifumua, akazishona upya, hakumwambia mtu. Siku hiyo alilia chooni.

Mama mkwe wake, Mama Kata, alisema ni kijicho cha watu. Alitumbukiza kaa la moto katika kikombe cha maji, likalia chwii, na kwake hiyo ni ishara kuwa kijicho kipo. Pavlina akanywa maji yale kwa heshima. Jumatatu kifua kilibana tena.

Ikafika Jumamosi ya kupika ajvar, rojo la pilipili linalowekwa chupani kwa ajili ya majira ya baridi. Msimu huo kila ua wa Štip hunukia pilipili hoho nyekundu zilizochomwa. Pilipili hizo humenywa, zikasagwa, zikapikwa kwa saa nyingi, na mwiko hausimami hata kidogo. Ndiyo maana wanawake hupokezana. Mmoja akisema, "Mkono umechoka," mwenzake anaupokea mwiko papo hapo. Hakuna anayemcheka.

Mama Kata alisema mkono umechoka, akaingia ndani kuosha chupa. Pavlina akaupokea mwiko. Simu ikalia. Rodna alikuwa akiuliza: kola mia tatu kufikia Ijumaa, inawezekana?

Pavlina alitaka kujibu. Vidole vilikataa. Aliitazama simu, akaitazama, hata hakujua amesimama pale muda gani. Kilichomzindua ni harufu ya kuungua.

Mama Kata alitoka mbio, akachungulia sufuria, akaiepua motoni. Pavlina aliketi kwenye ngazi, akafunika uso.

"Jumatatu naacha kazi," alisema. "Sifai tena. Hata sufuria imenishinda."

Katika mtaa ule ajvar ikiungua, habari hufika kabla ya moshi. Jirani yao Trajanka aliingia uani. Alikuwa muuguzi wa zahanati, kazi yake kutembelea wagonjwa majumbani. Hakuiangalia sufuria. Alimuuliza Pavlina habari za usingizi, za simu, za kifua. Alisisitiza afike zahanati apimwe moyo, kwa sababu kifua kinachobana si cha kupuuzwa.

"Lakini kwa ninavyoona, huu si uvivu, mwenzangu, wala si kijicho," alisema. "Ni uchovu wa kazi uliorundikana. Kulala pekee hakutoshi kuuondoa, maana kinachokuchosha kinakungoja palepale asubuhi."

"Mbona wenzangu wote wanaweza?"

"Umewauliza?"

Tangu kahawa iondolewe, Pavlina hakuwa amemuuliza mtu hali.

Trajanka akauchukua mwiko. "Leo umesema mara ngapi mkono umechoka?"

"Mara nne. Labda tano."

"Uliona aibu?"

"Aibu ya nini, dada? Mtu akinyamaza ajvar si itaungua..." Pavlina akakatisha maneno.

"Basi na kiwandani ni hivyo hivyo," Trajanka alisema taratibu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwendee Rodna ana kwa ana, si kwa simu. Usimgombeze. Mwambie kilichotokea, unachoweza, na lini utakimaliza. Ukisema mapema, kuna njia ya kupanga. Ukisema kikishaungua, kilichobaki ni kukwangua sufuria."

"Hata hivyo kaa lililia," Mama Kata alinong'ona.

"Lilikuwa la moto, Mama Kata. Lingefanya nini?"

Daktari alimkuta Pavlina na moyo mzima, akampa mapumziko ya siku tatu. Alhamisi alirudi kiwandani, akaenda moja kwa moja kwa Rodna.

"Dada Rodna, mwezi huu kola zangu tisa zilirudishwa, nikaficha. Mia tatu siwezi. Nitakupa mia mbili zilizonyooka Jumatano ijayo, na mia moja Jumatatu inayofuata."

Neno "siwezi" lilimtoka kwa taabu, kama jino. Rodna akavuta kiti, akaketi.

"Mbona hukusema, Pavlina? Nikiona wewe umesema inawezekana, mimi naenda ofisini naahidi. Huko nako nimekuwa nikijibu hivyo hivyo." Alijifuta macho. "Na mimi silali. Kahawa niliiondoa mimi, na nilikosea."

Rodna alipanda ofisini akaomba siku zaidi. Alipewa, ingawa wakubwa walinuna. Kahawa ikarudi saa tatu na nusu. Wakakubaliana kuwa kundi la simu linyamaze kuanzia saa kumi jioni, na Jumapili lisiandikwe kitu. Wakakubaliana pia kuwa aliyezidiwa aseme mezani, kazi igawanywe upya.

Siku ya kwanza hakuna aliyesema. Wanawake walitazama vikombe vyao. Pavlina alijua wanamngoja nani, kwa kuwa ndiye aliyewazoesha kunyamaza.

"Mkono umechoka," alisema.

Wengine wanne wakasema vilevile. Mmoja alikuwa ameshona mwezi mzima na bega bovu.

Hadi theluji inaanguka, hakuna kola iliyorudishwa. Pavlina alikuwa akilala na kuamka amepumzika. Simu ya Jumapili ilikuwa ya kumpigia dada yake tu. Na kabla pilipili hazijaisha sokoni, walikuwa wamepika sufuria ya pili, Trajanka naye akishika mwiko kwa zamu.

Siku moja Pavlina alimsikia Mama Kata akiongea na majirani kwenye ua. Alidhani ni ile habari ya kuungua, kwa maana bibi huyo hakuwa ameisahau.

"Mkaza mwanangu alimwendea msimamizi wake," Mama Kata alikuwa akisema, kidevu juu, "akamwambia usoni, siwezi."

Majirani wakamuuliza msimamizi alisemaje.

"Alivuta kiti, akaketi kumsikiliza," alisema Mama Kata. "Sasa karibuni muonje ajvar yetu."