Kidole cha Profesa

Mwanzoni lilikuwa jambo dogo, hata la kuchekesha. Simu ilikuwa imeshaondolewa, lakini kidole gumba cha Profesa kiliendelea na kazi.

Profesa lilikuwa jina la nyumbani, kwa sababu tangu utotoni hakukosa jibu. Sasa alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na mshauri wa wanafunzi alikuwa amempigia mama yake na kumweleza bila kuzunguka: kijana haingii darasani, haogi, hali, kutwa kucha yuko kwenye simu. Likizo hii umkatie simu kabisa. Akitulia atafanya mitihani, asipotulia chuo ndiyo basi tena.

Mama alikuwa fundi cherehani, mtu asiyetaka mzaha na kitambaa cha mteja wala na mwanawe. Alimpokonya simu siku ile ile, akampa mdogo wake mwenyewe, mama mdogo wa kijana, aliyekuwa akiishi nao.

"Kaifiche," alimwambia. "Na mimi usiniambie umeiweka wapi. Najijua. Akinililia nitampa."

Kijana alitetemeka, akabamiza milango, kisha akawa mpole. Akawa anakaa kwenye kiti cha wateja, mkabala na cherehani, mkono wa kulia umekunjwa kama umeshika kitu, kidole gumba kikisukuma hewa kwenda juu, taratibu, tena na tena.

"Mazoea tu hayo," mama mdogo alisema. "Mimi nilipoacha kutafuna kucha, si nilitafuna hewa mwezi mzima?"

Walicheka, wote wawili.

Alasiri moja umeme ulikatika, na chumba kikaingia kiza. Mama aliinua macho kutoka kwenye mshono, akaona uso wa mwanawe unang'aa. Mwanga wa buluu ulimchezea mashavuni, ukibadilika kila kidole kilipopanda, na mkononi hamkuwa na kitu. Chumba kilinuka waya ulioungua. Jogoo wa jirani, yule muuza mkaa, akarukia dirishani kama kawaida yake. Profesa akamgeukia. Akamtazama. Kidole kikapanda, na dirisha likawa tupu, bila kishindo, bila hata unyoya.

Mama alitoka nje.

"Jirani, jogoo wako yuko wapi?"

"Jogoo gani?" muuza mkaa alimshangaa. "Mimi sijawahi kufuga kuku. Waninyee magunia?"

Mama alirudi mbio. Mama mdogo alikuwa amesimama mbele ya kijana, mkono kiunoni, akimsomea yale yale ya jana: fikiria mama yako, anavyojikunja kwenye hiyo cherehani kwa ajili yako. Jana kijana alikuwa amemsikiliza, macho yamemtoka. Leo alipiga mwayo. Mama akaanza kumwita, na kabla jina halijaisha kidole kikaanza kupanda, na mdogo wake akamgeukia kama mtu anayetaka kuuliza umeniita, na kabla hajafumbua mdomo hakuwepo, wala kandambili zake mlangoni, wala kitanda chake chumbani, wala nguo yake moja kwenye kamba, na muuza mkaa alipoulizwa alijibu kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba yeye siku zote alijua fundi hana ndugu.

Mama alilia, kisha akatafuta simu. Alipasua magodoro, akamwaga unga, akachimba chini ya mtungi. Simu ilikuwepo mahali fulani, na aliyepajua hakuwepo tena wa kuulizwa.

Mganga wa majini, aliyeitwa na mama, alikuja asubuhi. Hakuvuka kizingiti. Alichungulia mara moja tu, akajibanza ukutani.

"Nimezoea majini yanayodai," alinong'ona. "Ubani, damu, nguo nyekundu. Huyu hadai kitu. Huyu anatazama tu. Alikuwa anatazamia kwenye simu, mkamfungia dirisha naye yumo ndani. Sasa anatutazama sisi. Akichoka na kitu, anakipitisha kwa kidole."

"Nifanyeje?"

"Mrudishie simu."

"Aliyeificha ndiye aliyepitishwa."

Mganga aliutua mkoba wake mlangoni. "Basi usimchoshe," alisema. "Na usirudie jambo." Akaondoka kinyumenyume, mkoba wake ameusahau mlangoni.

Angekimbia? Nje kulikuwa na mtaa mzima wenye watoto, na ndani kulikuwa na mwanawe. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya kijana, akaanza. Alimsimulia, alimwimbia, alimvalia nguo za wateja moja baada ya nyingine, aliiga sauti za mabibi harusi na vitambi vya waume zao. Kwa miaka miwili alikuwa ametamani mwanawe ainue macho amtazame, hata wakati wa kula tu. Sasa alitazamwa, macho hayapepesi, na hakuwahi kuogopa kitu maishani mwake kama macho yale.

Aliyoyajua yakapungua. La mwisho alilibakiza makusudi: siku aliyomzaa, mvua ikivuja juu ya kitanda, naye mwenyewe, mtoto mbichi, akiishangaa taa. Alilisimulia polepole, akilivuta kama uzi unaokaribia kuisha.

Lilipokwisha, kidole kilitikisika. Hapo mkono wa kushoto wa kijana ukanyanyuka, ukakikamata kile kidole, ukakibana hadi kucha zikawa nyeupe. Machozi yakamtiririka kwenye ule mwanga wa buluu, na sauti ikamtoka, sauti yake mwenyewe ambayo mama hakuwa ameisikia tangu simu iondolewe.

"Mama, endelea. Siwezi kukishika sana. Usinyamaze, mama."

Mama alifungua mdomo. Alitafuta kila pembe ya maisha yake, hakupata alilobakiza.

"Siku niliyokuzaa," alianza, "mvua ilikuwa inavuja..."

Kijana akapiga mwayo. Mkono wa kushoto ukalegea.