Kopo la Vifungo

Kila siku akitoka shule, Inspekta alivua viatu mlangoni, akabadilisha sare, akala chakula alichoachiwa jikoni na kuosha sahani yake. Kisha alikwenda chumba cha mbele. Huko alimkuta babu yake kwenye kiti cha dirishani, akijifanya kwamba hamsubiri mtu.

"Umechelewa," babu alisema. "Huku maiti inaoza!"

"Maiti ya kitabuni haiozi, Babu."

"Kwa kuchelewa kwako huku, itaoza tu."

Jina la Inspekta msichana huyu alipewa na babu huyohuyo, maana wote wawili walikuwa wagonjwa wa riwaya za upelelezi. Si wapenzi, jamani, wagonjwa! Babu alikuwa fundi cherehani, na katika miaka yote ya kushona, miguu yake ilikuwa kwenye cherehani lakini akili ilikuwa ikikimbizana na majambazi. Filamu zilizotokana na riwaya hizo walizitazama pia, ila kwa sheria moja: kitabu kwanza, filamu baadaye. "Huendi harusini kabla ya posa," babu alizoea kusema.

Sasa babu alikuwa hawezi kusoma. Mtoto wa jicho alikuwa ameyaziba macho yake yote mawili. Jicho moja lilikuwa limefanyiwa upasuaji, limefunikwa kwa kifuniko kilichoondolewa wakati wa dawa tu. La pili lilingoja zamu yake, na liliona ukungu mtupu. Kwa kuwa mama alikuwa kazini mchana kutwa, Inspekta ndiye aliyekuwa macho ya babu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa dawa. Chupa zilikuwa mbili, moja ya mchana na nyingine ya jioni, zimefanana kama mapacha. Inspekta aliisoma karatasi ya chupa kwa sauti, "Ya mchana," ndipo babu akainua uso, naye akamdondoshea tone. Kazi ya pili ilikuwa riwaya.

Safari hii walisoma habari za fundi saa tajiri aliyekutwa amekufa dukani kwake. Babu alikuwa na kopo la vifungo vya nguo, na kila mshukiwa alipewa kifungo chake juu ya meza. Mke wa marehemu alikuwa kifungo chekundu, mlinzi cheusi, mpwa wa marehemu cha shaba, na mpishi kile kikubwa cheupe. Mshukiwa akithibitika hana hatia, kifungo chake kilirudishwa kopo­ni. Babu alivipapasa kwa vidole na kujua nani bado yumo mashakani.

"Mimi namshuku huyu wa shaba," babu alisema.

"Mpwa? Masikini, amelia kuliko wote mazishini!"

"Ndiyo maana. Anayelia kuliko mjane, mtazame mara mbili."

Jumamosi moja Kidoti, rafiki wa Inspekta wa nyumba ya jirani, alimjia mbio. Kaka yake alikuwa amepata filamu ya riwaya ileile! Inspekta alikumbuka sheria ya babu. Alikumbuka pia kwamba alimwahidi babu wataitazama pamoja jicho likipona. Lakini moyo ukamwambia kuonja si kula. Akaenda, akaonja mpaka mwisho. Muuaji alikuwa mpishi, aliyetia sumu kwenye chai.

Kuanzia hapo riwaya ilimchachia mdomoni. Kitabu kilikuwa kinene, na nje wenzake walikuwa wakiruka kamba. Jumatatu aliruka kurasa chache. Jumanne aliruka nyingi zaidi. Jumatano alikodolea macho ukurasa asiousoma, akatunga kwa sauti: "'Ni mimi!' mpishi akalia. 'Nilimtilia sumu kwenye chai!' Askari wakamtia pingu. Mwisho."

Babu alivipapasa vifungo. Kidole chake kilikuwa juu ya meza, kinazungukazunguka kwenye kile kifungo cha shaba.

"Mpishi?" aliuliza.

"Ndiyo, Babu. Mpishi."

"Haya. Ahsante, mjukuu wangu."

Safari hii hakumwita Inspekta. Msichana alikwisha kukimbilia kamba, hata hakuligundua hilo.

Kesho yake alichukua chupa kama kawaida. "Ya mchana," akasoma.

Babu hakuinua uso. Alikuwa amefunika jicho kwa kiganja. "Hebu kamwite mama Kidoti," alisema taratibu. "Aje aisome."

"Lakini mimi najua kusoma, Babu!"

"Najua kwamba unajua."

Mama Kidoti alikuja na mikono yenye povu la kufulia, akasoma, "Ya mchana," kisha akarudi kwenye nguo zake huku akishangaa. Inspekta alidondosha dawa. Babu yake mwenyewe amemwogopa! Amehofia kutiwa dawa isiyo ya wakati huo katika jicho lile moja analolitegemea.

Alitazama mezani. Vifungo vilikuwa pale pale, chekundu, cheusi na cha shaba. Cheupe hakikuwapo. Alifungua kopo, akakiona kimelala juu ya vingine. Hapo akakumbuka yote. Wiki iliyopita walisoma sura ambayo muuguzi alieleza kwamba siku ya mauaji mpishi alikuwa amelazwa wodini, na ni yeye Inspekta, kwa mkono wake, aliyekirudisha kifungo kopo­ni. Filamu ilikuwa haina muuguzi wala wodi.

Alikichukua kitabu, akakaa kwenye kizingiti cha jikoni na kusoma kurasa zote alizoziruka. Muuaji alikuwa mpwa. Babu alikuwa amepatia tangu mwanzo, na Inspekta alikuwa amemnyang'anya ushindi wake. Inspekta akalia, machozi ya kweli, si ya mpwa yule.

Alirudi, akapiga magoti kando ya kiti. "Babu, nimekudanganya. Nilienda kuitazama filamu, halafu nikakutungia mwisho. Nisamehe."

"Nilijua," babu alisema. "Mpishi atatokaje wodini bila ya mimi na wewe kumwona?"

"Mbona hukunigombeza?"

"Nilitaka uje mwenyewe." Akampapasa kichwa. "Sikiliza, mama. Kuitazama filamu ni kosa dogo, hilo nakusamehe na soda juu. Lakini mimi sasa hivi naona kwa macho yako. Ukiniambia hapa pana shimo, ninaruka. Ukiniambia hii ni dawa, ninainua uso. Ukinidanganya kwenye hadithi, nitajuaje kwamba hujanidanganya kwenye chupa?"

Inspekta alijifuta machozi, akafungua kitabu pale alipoanza kuruka, akasoma kila neno, hata yale marefu ya mahakamani. Ilichukua siku kadhaa, na kamba ikarukwa bila yeye. Mpwa alipotiwa pingu, babu alipiga meza hadi vifungo vikaruka. "Nilisema mimi! Nilisema!"

Jicho lilipopona walikaa wote watatu, babu, Inspekta na mama, kuitazama filamu. Mpishi alipokiri, babu aliikemea televisheni: "Muongo! Ulikuwa wodini wewe!" Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe hata filamu inadanganya," Inspekta alisema.

"Filamu imebadilisha, haikudanganya," babu alimjibu. "Haikuniambia kwamba inanisomea kitabu. Wewe uliniambia. Mtu akikuamini kwa kitu asichoweza kukikagua mwenyewe, hapo ndipo uwe mkweli kuliko popote."

Mwezi uliofuata ilifika zamu ya jicho la pili; lile lililopona lilikuwa bado haliwezi kusoma maandishi madogo. Mama akatoa chupa mbili mpya kwenye mfuko wa hospitali, akamwuliza babu kama amwombe mama Kidoti awe anapita mchana.

"Mama Kidoti wa nini?" babu alishangaa. "Inspekta yupo."

Inspekta akaipokea chupa kwa mikono miwili. Aliisoma kimya kwanza, kisha kwa sauti, "Ya mchana," na babu akainua uso.