Kinundu cha Babu

Kila akitoka shule, binti alipitia karakana ya shangazi yake, fundi wa miguu ya bandia. Siku hiyo kwenye kompyuta kulikuwa na kigutu cha babu, mguu wake uliokatwa chini ya goti, kilichopigwa skana pande zote. Kilionekana kama wavu wa pembetatu ndogondogo, unaofuata kila kunjo la ngozi. Kando yake kulikuwa na umbo gumu lililochorwa kwa vipimo: kikombe cha kuvalia mguu, pamoja na matundu ya skrubu. Shangazi angezamisha wavu ndani ya umbo lile, akate nafasi yake, kisha mashine ichape kikombe chenyewe kwa plastiki.

"Usiguse kitu, mwanangu," alisema, akatoka kumpokea mteja.

Kwenye wavu kulikuwa na kinundu. Binti alidhani skana imekosea. Akabonyeza kitufe cha kulainisha, kikapotea. Shangazi akarudi na haraka zake, akaunganisha maumbo yale mawili.

Jumamosi babu akavaa mguu mpya. Tangu akatwe mguu alikuwa hajafika kaburini kwa bibi, na hamu yake yote ilikuwa hiyo.

"Leo hamtanishika kwa mbio!" alitania. Lakini baada ya hatua chache uso ulikunjamana, na binti akaona doa la damu kwenye soksi ya kigutu.

"Babu, unaumia?"

"Nyamaza. Shangazi yako kahangaika. Nikilalamika atajiona hajui kazi."

Babu akaahirisha safari, akasingizia jua, lakini mguu hakuuvua. Jioni binti akamfuata shangazi jikoni.

"Shangazi, nilifuta kinundu cha babu kwenye kompyuta. Sasa anatoka damu."

Shangazi akatua sufuria. "Kile ni mfupa wake! Kikombe hakina nafasi yake, kinamchuna. Damu umeiona lini?"

"Asubuhi."

"Na ukakaa kimya?"

Binti akalia.

Shangazi alifungua picha ya kwanza ya skana, yenye kinundu, akakata kikombe upya. Safari hii alimwita binti aguse kinundu kwenye kigutu cha babu kwa kidole, kisha akitafute kwenye wavu.

Kidonda kilipopona, babu alisimama kaburini kwa miguu miwili. "Mke wangu, usinigombeze. Mguu ulikuwa kwa fundi."

Binti aliinamisha kichwa. Shangazi akamshika bega.

"Mimi nami sikukagua," alisema. "Kikombe nilichapa kingine, mwanangu. Lakini ile siku nzima uliyonyamaza, babu yako aliibeba kwenye nyama yake. Ukikosea, sema mapema."