Neno la Msabila Langoni Isunga

Zama zile misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikikata nchi za bara, mtemi Lugusha wa Usimba aliizingira ngome ya Isunga. Jemadari wake alikuwa Msabila, mtu mrefu, ngozi ya chui begani, gobori lake limezungushiwa nyaya za shaba. Masika yote walishindwa kuuvunja ukuta ule wa magogo. Ndani, watu walikuwa wamefikia kuchemsha ngozi za ngao zao na kuzila.

Ndipo Msabila alipoweka silaha chini, akaenda peke yake hadi langoni. Bibi Kalunde, mtawala wa Isunga, alisimama juu ya ukuta.

"Fungueni, mtoe bunduki zenu," Msabila alisema. "Hatauawa mtu, wala hatauzwa mtu. Naapa kwa kaburi la baba yangu."

"Na mtemi wako?"

"Ndiye aliyenituma."

Lango likafunguliwa.

Kesho yake Lugusha aliwasili kutoka Usimba. Alifuatana na mfanyabiashara mgeni aliyekuwa akimletea baruti, na wapagazi wa mgeni yule walibeba minyororo. Msabila alipoiona, alimwendea Lugusha.

"Mtemi, tuliwapa ahadi."

"Uliwapa wewe. Mimi nilitaka lango, nawe umenipa. Chagua ng'ombe uwatakao, ukae kimya."

"Nimeapa kwa baba yangu, Mtemi."

"Baba yako amekufa. Mimi ni hai."

Msabila akachukua mkuki, akasimama langoni, akawaita askari wake. Walikuja wachache, wengine walitazama chini. Wakapigana na wenzao waliokula nao chungu kimoja, mpaka jua likawa utosini. Katika vurugu ile baadhi ya akina mama na watoto wao walipenya upande wa mto, wakatokomea msituni. Waliobaki walitiwa minyororo. Bibi Kalunde alipopitishwa mbele ya Msabila, aliyelala na jeraha la paja, alimtemea mate.

"Mwongo we!"

 

Lugusha alimvua ngozi ya chui, akamfukuza nchini. Mkewe alikataa kufuatana naye.

Miaka mingi baadaye, akichechemea, alifika kijiji kimoja cha mbali akaomba maji. Mwanamke aliyempa kibuyu alizungumza kwa lafudhi ya Isunga. Msabila akaelewa amefika kwa akina nani.

"Jina lako nani, baba?"

Jina lolote lingemfaa jioni ile. Kulikuwa na moto, na ugali wa mtama jikoni.

"Mimi ni Msabila mwana wa Kapambala. Niliwaapia watu wenu langoni, nikashindwa kukitimiza kiapo changu."

Kibuyu kilinyakuliwa kabla hajanywa. Wakamfurusha kwa mawe hadi ng'ambo ya mashamba, na waliorusha kwa nguvu zaidi ni vijana waliovushwa mto ule wakiwa migongoni mwa mama zao.

Usimba wanamwimba kuwa msaliti. Isunga, kuwa mwongo. Alipozikwa hapajulikani.