Msumari wa Georgina

Aliyenisimulia habari hii kwanza ni shangazi yangu Restituta, Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tukiwa uani kwake Buhembe tunachambua maharage. Alisimulia mara moja tu. Baadaye niliwauliza wengine waliokuwepo, kila mmoja peke yake, na mahali walipotofautiana nimepaacha. Humu nimeandika yale tu waliyokubaliana.

Mwaka huo shangazi alikuwa amempangisha chumba cha uani mwanamke wa Kipolandi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili. Jina lake halisi lilitushinda ndimi. Tukamwita Agnesi, naye akaitika. Jumamosi zake zote zilikuwa za kamera. Kila Jumapili jioni alituma picha moja kwa wenzake wa kikundi cha wapiga picha huko kwao, nao walimjibu kwa kuikosoa. Alikwisha kupiga ziwa, majabali, kanisa kuu, wauza senene, kahawa ikikauka kwenye majamvi. Wenzake walimwandikia: nzuri, lakini tumeshaziona.

"Nimemaliza Bukoba," alimwambia shangazi siku moja wakinywa chai.

"Sisi tuliozaliwa hapa hatujaimaliza. Wewe umeimalizaje kwa miezi minane?"

Agnesi hakucheka. Hakuwa mtu wa kutulia. Hata alipokaa, goti lake lilitikisika mpaka chai ikamwagika kwenye sahani.

Kitu cha kupiga alikipata bila kukitafuta, dukani kwa Lukmani, mpiga picha wa mjini ambaye alimchapishia picha kubwa. Ndogo Agnesi alijichapishia mwenyewe kwa mashine aliyoibeba mkobani, akawagawia watu papo hapo. Siku hiyo alimkuta Lukmani akimkata mzee mmoja kwenye picha ya harusi, kwa kompyuta, taratibu kama anayemenya yai.

"Kazi yangu kubwa ni marehemu," Lukmani alimwambia. "Watu wetu hawapigi picha wakiwa hai. Msiba ukitokea wananiletea kadi ya mpiga kura, au picha ya harusi yenye watu arobaini, wanasema ni huyu hapa, nyuma ya huyu mwenye kofia. Mimi naondoa bega la jirani, namvika koti, namwekea mawingu. Wengine wamevaa koti kwangu kwa mara ya kwanza."

"Na baada ya mazishi picha inakwenda wapi?"

"Sebuleni. Nenda vijijini, mama. Kila sebule ina ukuta wake."

Jumamosi tatu zilizofuata shangazi alimpeleka Izimbya na vijiji vya jirani. Waliingia, walipewa viti, walitafunishwa akamwani, zile buni kavu ambazo mgeni hupokea kwa mikono miwili kabla ya mazungumzo, kisha Agnesi akaomba ruhusa ya kupiga ukuta. Hakuna aliyemnyima. Kutoka kwao wenzake walimjibu: hizi hatujawahi kuziona, endelea. Jumamosi ya nne shangazi alimleta kwetu, Kishanda.

Pale anaishi baba yangu mkubwa Rutaihwa, kaka yake shangazi, na mkewe Felicitas. Mwaka huo bibi yetu Edvina naye alikuwa hai, mwenye miaka sabini na tisa, amelala chumba cha pili tangu alipovunjika nyonga. Ukutani kulikuwa na picha tano. Ya kwanza ni ya babu yetu Kaijage. Ya nne ni ya baba yangu, Privatus. Baada ya ya tano kulikuwa na msumari mtupu, wenye kutu.

"Huu unamsubiri nani?" Agnesi aliuliza.

Felicitas alishusha sauti, kwa kuwa mlango wa bibi ulikuwa wazi. "Haumsubiri mtu. Ni wa Georgina."

Georgina alikuwa mke wa kwanza wa babu. Walifunga ndoa mwaka 1961, naye akafa kwa homa mwaka 1963, hana mtoto. Babu akamwoa Edvina mwaka uliofuata. Georgina alipigwa picha moja tu maishani mwake, ile ya harusi, na picha hiyo ipo sandukuni mpaka leo. Babu amesimama na suti. Pembeni yake ni gauni jeupe, shela na maua, na mahali pa uso pana tundu. Sisi wajukuu tulikua tukiambiwa ni mchwa. Babu alipozikwa, mwaka 1998, bibi aliupigilia msumari huo kwa mkono wake, akasema mwenye nyumba wa kwanza lazima awe na mahali pake hata kama hana sura. Kisha akatukataza, wakubwa kwa wadogo, kuweka sura ya mtu yeyote hapo.

Agnesi alipiga ukuta. Alipokuwa akiaga alimsimamisha Felicitas katikati ya migomba, na kitenge chake cha rangi ya machungwa, mikono ameifumbata tumboni. Alimpiga picha arobaini na moja. Nimezihesabu.

Walirudi Jumamosi ya tarehe 28 Oktoba. Agnesi alileta zawadi, ile nzuri kuliko zote, kubwa, ndani ya fremu ya mbao. Rutaihwa alikuwa shambani akitandaza nyasi. Shangazi alikuwa chumbani akimgeuza mama yake, na alipoondoka alitokea mlango wa uani. Sebuleni walikuwa wawili tu, Agnesi na Felicitas.

Kwetu zawadi ya mgeni huwekwa mahali pake mgeni akiona. Kuiegemeza pembeni ni kumwambia haikupokelewa. Felicitas alitazama huku na huku. Msumari mtupu ulikuwa mmoja. Agnesi alikuwa ameshainua mikono.

"Niliona aibu kumkataza," Felicitas aliniambia. "Nikasema moyoni, wakishaondoka nitaishusha."

Hakuishusha. Alikuwa na miaka hamsini na nne na hajawahi kujiona peke yake kwenye picha, ila ile ndogo ya kitambulisho. Jioni ile alisogeza kiti akakaa mbele yake. Rutaihwa alirudi amechoka, akapita moja kwa moja jikoni. Jumapili pia ilipita. Felicitas akasema, kesho.

Jumatatu asubuhi mbwa wa nyumbani alimbwekea Felicitas alipotoka jikoni. Alimbwekea mpaka akakauka sauti.

Saa nane mchana alikuwa barazani akimenya ndizi. Rutaihwa alitokea shambani, akamwona, akasimama. Akavua kofia.

"Karibu, mgeni. Umekuta watu?"

Felicitas alicheka. "Acha mzaha, Baba Philbert. Nenda kanawe."

Rutaihwa hakucheka. Aliingia ndani akatoka na kijikapu cha akamwani. Akapiga goti moja kidogo, kama tunavyofanya kwa mtu mzima tusiyemjua, akamnyoshea kwa mikono miwili, akimwita bojo, neno letu la upole.

"Tafuna, bojo. Mke wangu hayuko mbali, atakuja."

Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na mitatu.

Felicitas alikimbilia chumbani akatoa kitambulisho chake cha taifa ili amwonyeshe. Jina lilikuwepo. Namba ilikuwepo. Mahali pa sura palikuwa na tundu la mviringo, kingo zake safi kama za wembe. Kupitia tundu hilo aliona kidole chake mwenyewe.

Alimpigia shangazi simu. Alinong'ona, kwa sababu mumewe alikuwa nje akiuliza majirani kama wamemwona mkewe. "Wifi, njoo. Rutaihwa hanijui."

Buhembe, Agnesi alifungua kompyuta yake. Picha arobaini na moja. Kitenge kilikuwepo. Mikono iliyofumbatwa ilikuwepo. Juu ya kola hapakuwa na kichwa. Yalikuwepo majani ya migomba, yale ya nyuma yake, yametokea waziwazi na matone ya umande, kama vile hapo mbele hapajawahi kusimama mtu.

Waliondoka alfajiri ya Jumanne na gari dogo la Agnesi, wakafika Kishanda jua limeshachomoza. Rutaihwa aliwapokea uani, macho mekundu. Alisema mkewe amepotea. Alisema kuna mwanamke mgeni jikoni, amelala humo, hataki kuondoka, na analia kwa sauti anayoifahamu.

Shangazi aliingia jikoni. Hapa, akinisimulia, aliweka ungo chini.

"Kitenge nilikijua," alisema. "Sauti niliijua. Aliniambia, wifi, ni mimi. Usiniulize uso wake ulikuwaje. Ulikuwepo. Ila kila nilipoutazama, niliusahau nikiwa bado nautazama."

Yeye na Agnesi walikwenda sebuleni. Fremu ilikuwa pale pale. Kitenge cha machungwa. Mikono tumboni. Lakini uso ulikuwa wa msichana wa miaka ishirini na kidogo, paji pana, midomo imefungwa kama anayezuia tabasamu. Hakuna aliyemjua. Yeye alikuwa akiwatazama.

Agnesi alinyosha mkono aishushe.

"Usiiguse!" Ilikuwa sauti ya bibi, kutoka chumbani. Kutoka kitandani kwake ukuta ule hauonekani. "Ukiishusha sasa, Georgina ataondoka na sura ya Felicitas."

Waliingia wote wawili. Bibi alikuwa akitazama dari.

"Si mchwa," alisema. "Ni mimi. Niliukata uso wake kwa wembe wa mume wangu, nikautia motoni. Watu walikuwa wakiingia nyumbani kwangu, wanamtazama yeye kwanza, halafu wanatafuta pa kuniangalia mimi. Nilikuwa na miaka ishirini, Restituta."

Akageuza macho kwa Agnesi. "Nipige mimi."

"Mama, hapana," shangazi alinong'ona.

"Felicitas ana mume, ana watoto, wanatakiwa kumjua. Mimi wanaonijua wako ukutani." Kisha akasema kwa ukali, kama zamani: "Mlete huyo Mzungu karibu. Na unifunge kitambaa vizuri."

Agnesi alipiga picha moja. Mashine ya mkobani ilitoa karatasi ndogo, kubwa kidogo kuliko kadi ya mpiga kura. Shangazi aliitoboa juu, akapitisha uzi. Aliivika kwenye msumari, juu ya fremu. Halafu akaivuta fremu kwa chini, polepole, uzi usitoke.

Fremu ilitoka.

Jikoni sahani ilianguka. Uani, Rutaihwa alipaza sauti, nusu ya hasira, nusu ya kulia: "Felicitas! Tangu jana ulikuwa wapi?"

Shangazi hakwenda kuwaona. Alikwenda chumbani. Mama yake alikuwa amelalia ubavu, ameelekea ukuta. Akamwita. Akamwita tena. Mama yake akageuka.

Niliuliza aliona nini. Shangazi alichukua ungo, akaendelea na maharage. Kisha akasema, "Nilimvutia shuka mpaka juu."

Bibi Edvina alifariki Alhamisi ya tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, na tulimzika Jumamosi. Mimi nilikuwepo. Shangazi na Felicitas walimwosha na kumvisha wenyewe, mlango umefungwa, na walimwomba fundi apigilie jeneza kabla halijatoka chumbani. Watu walinung'unika kunyimwa kumuaga. Lukmani naye alirudisha kila tulichompelekea: kadi ya mpiga kura, picha ya jubilei ya ndoa, picha za harusi za wanawe. Katika zote palikuwa na tundu. Mbele ya jeneza ulitangulia msalaba wenye jina tu.

Tuliporudi kutoka kaburini, mzee Kashaija aliingia sebuleni kupumzika. Yeye ndiye aliyemsimamia babu harusi ya mwaka 1961. Hakuambiwa lolote. Alisogea ukutani, akaitazama ile picha ndogo iliyoning'inia kwa uzi, akavua kofia.

"Georgina," alisema polepole. "Picha yako wameipata wapi, bojo?"

Krismasi ya mwaka huo nilikwenda Kishanda kuandika majina na tarehe za ukutani, kazi ambayo nimeifanya kila mwaka tangu nimalize shule. Picha zilikuwa sita. Misumari ilikuwa saba. Wa saba hauna kutu, na lipu inayouzunguka haina ufa. Niliwauliza wote walio ndani ya nyumba ile. Hakuna aliyeupigilia. Rutaihwa alisema ameshaung'oa kwa koleo mara mbili. Mgeni akileta zawadi siku hizi, inapokelewa nje.

Kati ya waliomo humu, Edvina amelala kando ya Kaijage. Mzee Kashaija alifariki Machi 2024. Lukmani yu hai, na bado anawavisha marehemu makoti. Agnesi yu hai, kwao. Aliuza kamera kabla ya kuondoka. Rutaihwa yu hai. Shangazi Restituta yu hai, na ameruhusu niandike. Felicitas yu hai pia, ingawa kila asubuhi, kabla hajamsalimu mumewe, husimama kwanza mlangoni, akisubiri yeye amtaje jina.