Kompyuta Iliyozimika Kila Adhuhuri

Siku za Maman Séraphine zilianza kwa swali lile lile: "Courant iko?" Aliliuliza kabla ya salamu, kabla ya kutafuta kandambili zake, macho yenyewe hayajafunguka vizuri. Binti yake Lydie, mwenye miaka kumi na mitatu, alinyoosha mkono hadi kwenye swichi ya umeme akajibu "iko" au "haiko". Ikiwa haiko, Maman alijifunika tena shuka, si kwa usingizi bali kwa kukata tamaa. Ikiwa iko, aliruka kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake wa kazi, maana umeme wa mtaa wao wa Kadutu haumngojei mtu anywe chai.

Kazi yake ilikuwa kuwapigia chapa wanafunzi wa vyuo vya Bukavu. Walimletea karatasi zao zilizoandikwa kwa mkono, nyingine kwa mwandiko unaotia kizunguzungu, naye akazipiga kwenye kompyuta na kuzirudisha safi. Papa Pascal, mumewe, alikuwa Kamituga akifanya biashara ya nguo, na njia ya huko ni mbaya kiasi kwamba alionekana nyumbani kwa nadra. Kwa hiyo chakula cha nyumba hii kilitoka kwenye vidole vya Maman Séraphine, na vidole hivyo vilikuwa vimechoka. Jioni alivichovya kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi.

Kompyuta yao ya zamani ilikuwa imezeeka vibaya. Ilipokufa kabisa, Papa Pascal alituma pesa za kuunganishiwa nyingine, na Maman akamtuma Lydie kwenye duka la Papa Grégoire akachague vifaa.

"Wewe njo unajua mambo ya mashini," Maman alimwambia; Bukavu "ndiye" na "ndiyo" zote ni "njo". "Mimi niletee tu kitu cha kuandikia. Isinizimikie mukononi, basi."

Lydie alijua kweli. Vifaa vya kompyuta alivifahamu kwa majina kuliko watoto wengine wanavyofahamu wachezaji wa mpira. Lakini alijua pia kwamba Guy, mwanafunzi mwenzake wa darasa la saba, alikuwa na kompyuta ya kaka yake, na kila siku alitangaza darasani jinsi inavyokimbia. Siku moja Guy alimcheka mbele ya wote: "Ile ya mama yako ni ya kupimia uvumilivu." Darasa zima liliangua kicheko. Lydie naye alicheka, lakini papo hapo akawaalika wote waje Jumamosi ya mwisho wa mwezi waone kompyuta mpya.

Papa Grégoire alimpangia vifaa juu ya meza yake ndefu. Alikuwa mtu mpole wa kueleza, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Lydie alichagua carte mère, lile bamba ambalo vifaa vyote huchomekwa juu yake. Akachagua processeur, ubongo wa kompyuta, ya aina ile inayokubali kupandishwa mwendo kuliko ilivyotoka kiwandani. Zikabaki pesa za kitu kimoja: feni kubwa yenye mapezi ya chuma ya kupozea processeur, au sanduku la kioo la kuwekea vifaa vyote, lenye taa za rangi zinazobadilika.

"Sikia muzuri, mutoto wangu," alisema Papa Grégoire, akigusa feni ndogo iliyokuja na processeur. "Hii ventilateur kidogo inatosha, kama hautaongeza vitesse, mwendo wake. Ukiongeza, ubebe ile kubwa. Processeur ikikimbia sana inatoka jasho, inaomba hewa. Utaongeza?"

Lydie aliziangalia zile taa. Nyekundu ikageuka zambarau, zambarau ikageuka bluu kama ziwa saa za jioni.

"Hapana, Papa," akajibu. "Nipatie hii ya taa."

Nyumbani Maman alishangaa sana. "Taa zote hizi ni za nini? Tunafungua bar?" Kisha akauliza, "Na Papa Grégoire alisema mashini iko sawa?"

"Alisema ventilateur kidogo inatosha," Lydie alijibu.

Maneno hayo Papa Grégoire aliyasema kweli, ila hayakuwa yote. Ile sehemu ya pili Lydie aliiacha dukani, na asubuhi iliyofuata, Maman alipokwenda kuteka maji, aliingia kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta akaupandisha mwendo wa processeur kadiri ilivyokubali. Asubuhi za Bukavu ni za baridi, na mvua ilikuwa imenyesha. Mashine ilikimbia vizuri ajabu. Lydie alipiga makofi peke yake chumbani.

Mabati ya nyumba yao, hata hivyo, hayakuwa na habari na furaha yake. Kufika adhuhuri jua liliyashika, mabati yakaanza kulia ta, ta, ta, na chumba cha kazi kikawa jiko. Maman alikuwa katikati ya ukurasa wakati kompyuta ilipozimika bila kuaga.

"Yeee! Courant imeenda," akasema, akainua macho juu. Taa ya darini ilikuwa inawaka. "Ampoule inawaka, mashini imekufa. Namna gani hii?"

"Courant iko kidogo, Maman," Lydie alijibu haraka. "Ampoule inaweza kuvumilia, mashini haiwezi."

Maman aliamini. Kwa nini asiamini? Mwenye kujua mambo ya mashine ndani ya nyumba hii ni Lydie. Akangoja, akaiwasha, akapiga upya yaliyopotea. Kesho yake adhuhuri ikazimika tena, na siku iliyofuata pia. Alijitahidi kuhifadhi kazi yake mara kwa mara, lakini mtu aliyechoka husahau, na kila mara kurasa za mwisho zilikwenda na maji. Kazi yenyewe ilikuwa ya kijana aitwaye Patrice, aliyeandika juu ya magonjwa ya mihogo kule Nyangezi. Maman aliupiga ukurasa wa majani yenye madoa mara nyingi hata akaujua kwa moyo, na usiku alikuwa akiota mihogo.

Lydie aliyaona yote hayo. Kuurudisha mwendo wa kawaida kulihitaji muda mfupi tu. Lakini alijiambia: Jumamosi Guy akishaona, nitarudisha. Ni siku chache tu, Maman atavumilia. Mtoto huyu hakuwa mbaya, jamani. Alikuwa tu na tabia ambayo wengi wetu tunayo, ya kuukopa uvumilivu wa mtu mwingine bila kumwomba.

Siku moja Patrice alikuja kuchukua kazi yake, akakuta haijaisha. Alikuwa amekonda kwa wasiwasi.

"Maman Séraphine, profesa anangojea. Nisipopeana kazi Jumatatu, nitarudia mwaka."

"Pole, mutoto wangu. Mashini inanisumbua."

"Basi nipeleke kwa wengine?"

Maman alikisugua kifundo cha mkono, kilichokuwa kimevimba. "Niachie mpaka Jumamosi jioni," akasema kwa sauti ndogo. "Nakuomba."

Patrice alipoondoka, Maman aliizunguka ile mashine kama anayemtazama mgonjwa. Juu yake alikuwa ametandaza napperon, kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kwa sindano tangu alipokuwa msichana. Kila kitu cha thamani katika sebule za Bukavu hufunikwa hivyo: televisheni, redio, migongo ya viti. Kwake, kompyuta mpya bila kitambaa ingekuwa kama mgeni aliyeachwa amesimama mlangoni.

"Lydie," akauliza, "inaweza kuwa ni hii napperon? Pengine inaizuia kupumua?"

Hapo ndipo Lydie alipofanya kosa ambalo hakulisahau. Mlango wa kuukimbia ukweli ulikuwa umefunguliwa mbele yake, naye akapita humo.

"Inaweza, Maman," akasema. "Ni hiyo."

Maman alikitoa kitambaa taratibu, akakikunja mara mbili, akakikunja tena. "Kumbe ni mimi," akasema. "Napoteza kazi ya watu sababu ya kupenda mapambo. Unisamehe, mutoto wangu. Na wewe kila siku unahangaika nayo."

Mama akamwomba mtoto msamaha! Lydie alihisi uso wake ukiwaka moto kuliko ile processeur. Alitamani aseme, lakini akakimbilia nje kuosha sahani ambazo tayari zilikuwa safi.

Ijumaa adhuhuri, bila kitambaa, mashine ikazimika tena. Mara hii Maman aliitazama skrini nyeusi. Kisha akasimama, akachukua kitenge.

"Twende kwa Grégoire. Alituuzia mashini mbovu, ataniambia mbele ya watu wote kama ni mutu wa Mungu ama ni mwizi."

Alikibeba kile kisanduku mgongoni, akakifunga kwa kitenge kama anavyofungwa mtoto, akaanza kupanda. Njia za Kadutu ni za kupanda tu, na matope ya mvua ya jana yaliteleza. Lydie alifuata nyuma. Aliona jinsi Maman alivyoinama, jinsi alivyosimama mara kwa mara kuvuta pumzi, na jinsi kioo kile kizuri kilivyokuwa kinambonyeza mbavu. Mbele yao kulikuwa na mtu mpole mwenye miwani ya uzi, aliyesema ukweli wote, na sasa alikuwa anaendewa atukanwe mbele ya wateja wake.

"Maman, ngoja," Lydie akasema. "Maman, simama."

"Umechoka? Mimi njo nimebeba."

"Si Papa Grégoire. Ni mimi."

Maman aligeuka. Lydie alilia kabla ya kueleza, kisha akaeleza akilia: ile sehemu ya maneno aliyoiacha dukani, mwendo aliopandisha, Guy, Jumamosi, umeme aliousingizia. Mwisho kabisa, kwa sauti isiyosikika vizuri, akasema la napperon.

Maman Séraphine aliketi juu ya ngazi ya kibanda kilichofungwa, mashine bado iko mgongoni. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Watu walipanda na kushuka wakiwa na mabidoni ya maji na mikungu ya ndizi, naye akawatazama tu wakipita.

"Inazimika sababu ya nini?" akauliza mwishowe.

"Ikipata moto sana, inajizima yenyewe, Maman. Isiungue."

"Inajizima yenyewe." Maman alicheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu. "Basi hii mashini iko na bahati. Mimi nikichoka, nani ananizima? Wiki nzima nimechoka, nikaendelea sababu sikujua. Wewe ulijua, ukaniangalia."

Lydie alipiga magoti matopeni, akalifungua fundo la kitenge, akaipokea ile mashine. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Akaibeba mwenyewe mpaka kileleni, akiteleza na kusimama, na Maman akamwacha aibebe.

Dukani Maman alisema neno moja tu: "Muambie." Lydie akarudia yote mbele ya wateja wawili waliokuwa wakinunua chaja za simu. Papa Grégoire alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Umeniokoa na matusi," akasema. "Kumbe mama yako alikuwa anakuja na vita." Kisha akaushusha mwendo wa processeur hadi ule wa kiwandani, akalichukua lile sanduku la taa na kuwapa la chuma, la kawaida, lenye matundu mengi ya hewa. Kwa tofauti ya bei iliyobaki akaweka ile feni kubwa.

Jumamosi Guy alikuja na wenzake wawili. Walikuta kisanduku cheusi kisicho na taa hata moja, na Lydie akipiga chapa kurasa za mwisho za mihogo. Maman alikuwa amelala chumba cha pili, mkono wake umefungwa kitambaa chenye maji ya chumvi.

"Njo hii?" Guy akauliza. "Inakimbia namna gani?"

"Haikimbie," Lydie akajibu bila kuinua macho. "Mukae, lakini musiongee kwa nguvu. Maman analala."

Guy alitafuta neno la kuchekesha, akalikosa. Walikaa kidogo, wakaondoka. Mabati yakaanza kulia ta, ta, ta. Lydie aliacha kupiga, akahifadhi kazi, akaitazama skrini. Adhuhuri ikafika, ikapita. Feni kubwa ilizunguka kwa utulivu, na mashine ikaendelea kuwaka.

Patrice alipokuja jioni, kazi yake ilikuwa tayari mezani. Alishukuru mpaka akasahau kofia yake.

Maman, aliyekuwa ameamka, aliweka kiganja juu ya kisanduku. Kilikuwa vuguvugu tu. Alivuta kiti kingine, akaketi karibu na binti yake.

"Lydie, kuchagua ulijua," akasema. "Ulijua kuliko mimi. Ndiyo maana nilikuamini bila kuuliza. Mutu anayejua akificha, mwenye hajui njo anachoka mahali pake. Siku ingine ukikosea, uniambie siku ile ile. Nitakasirika, lakini nitalala."

"Ndiyo, Maman."

Kisha Lydie alikwenda kabatini, akakitoa kile kitambaa cheupe kilichokunjwa mara tatu. Hakukiweka juu ya mashine. Alikikunjua, akakinyoosha vizuri, akakitandaza kwenye mgongo wa kiti cha mama yake.