Kiti cha Pili Katika Chumba cha Vitanzi

Aliyeikuta maiti ni bosi mwenyewe, na maiti ilikuwa mashine.

Filimbi ya chakula cha mchana ilikuwa imeshalia na wafanyakazi wote wako uani wanatafuna, mara ukasikika mlio kutoka chumba cha mashine ya zamani: krrraak! Kisha kimya. Bosi, mama mnene mwenye haraka zake, aliyeachiwa kiwanda na marehemu mumewe, alitupa kijiko akakimbia. Alipofungua mlango alikuta gia imevunjika vipande, kimoja kimetoboa kioo cha dirisha. Rola ilikuwa imepinda, na nyuzi za rangi ya kutu zimetapakaa sakafuni kama utumbo wa kuku.

"Wameiua!" alisema akishika kichwa. "Wameniulia mashine yangu!"

Chumba kikafungwa kwa kufuli papo hapo, polisi wakaitwa.

Polisi hawakuumiza vichwa. Fundi makanika wa kiwanda, kijana aliyeitwa Spana, alikuwa amegombana na bosi jana yake mbele ya watu, na maneno yake ya mwisho yalikuwa: "Iko siku hiyo mashine itapasuka, ndipo mtanikumbuka." Kama hayo hayatoshi, mlinzi alimwona alfajiri anatoka chumba cha zamani, mikono myeusi kwa grisi, kabla mtu yeyote hajaingia kazini. Walipomuuliza alikuwa anafanya nini mle, alijibu, "Kazi yangu," kisha akajifungia ndani ya ukimya wake kama kobe. Wakambeba. Kesho yake asubuhi angesomewa shitaka la kuharibu mali kwa makusudi, na kazi ndiyo basi tena.

Ila jalada halitoki kituoni bila saini ya mpelelezi, basi likatua mezani kwa Inspekta.

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo aliyehamishiwa mji ule mwaka mmoja nyuma. Tangu siku hiyo, aliyempigia simu kwa uaminifu ni kampuni ya mtandao, kumkumbusha kwamba bando lake linakaribia kwisha. Alipanga chumba kimoja chenye sufuria moja, na mgeni wake wa kudumu alikuwa paka wa jirani, ambaye naye akikuta hakuna samaki hugeuza bila hata kuaga. Kwa hiyo wenzake walipomwambia, "Afande, tia saini tu ukapumzike nyumbani," hakuona huko nyumbani kuna nini cha kukimbilia. Akaenda kiwandani.

Alipokewa na msimamizi, jina lake la kazini Kipyenga, kwa sababu ya ile filimbi aliyoivaa shingoni hata akienda msalani. Walipita kwanza ukumbi mpya. Mashine zilipangwa safu mbili zikinguruma, na akina mama walikuwa wanapayukiana juu ya ile ngurumo, mmoja anamsimulia mwenzake visa vya wifi yake, mwingine anacheka mpaka anashika nguzo.

"Hawa hawanyamazi?" Inspekta aliuliza.

"Wakinyamaza ujue umeme umekatika."

Wakatoka mlango wa nyuma, wakavuka uwanja wenye mapipa matupu, wakafuata ukuta mrefu usio na dirisha. Kila hatua kelele za watu zilibaki nyuma kidogo, mpaka Inspekta akaanza kusikia viatu vyake mwenyewe. Mwisho wa ukuta kulikuwa na mlango mmoja wa bati.

"Mbona mashine hii mmeitenga hivi, kama ina upele?"

"Ya zamani, afande. Haiingii kwenye mpango wa ukumbi mpya. Lakini nyuzi za mapambo, zile za mapazia na mashali, ni yeye tu anayezitoa. Na mama yetu hapa ndiye anamjua." Kipyenga akacheka. "Mashine ndiye mumewe! Miaka kumi na moja wako wawili tu humu, wanagombana na kupatana. Leo tumempa pole kama mfiwa."

Mama Vitanzi alikuwa amesimama kando ya mlango, mwanamke mwembamba wa miaka sitini hivi, koti la kazi limefungwa vifungo vyote. Hakucheka. Kufuli ilipofunguliwa, wakaingia watatu.

"Nieleze, mama," Inspekta alisema. "Mimi uzi naujua ukishakuwa sweta."

"Ni nyuzi tatu, mwanangu." Sauti yake ilikuwa na ukwaruzo wa mtu asiyeitumia sana. "Huu wa katikati ndio kiini, unakwenda umenyooka. Huu wa pili ndio pambo. Rola inaulisha kwa haraka kuliko mwenzake, basi unakosa nafasi, unajikunja vitanzi. Huu wa tatu unawafunga wote wasikimbiane. Springi hii inaibana rola. Ikilegea, ulishaji unayumba. Kitanzi kimoja kinene kama sikio la mbuzi, kingine kama punje ya ulezi."

"Na ikiendelea kulegea?"

"Uzi unajiviringisha kwenye rola." Alisita. "Mashine inasimama."

Inspekta akaitazama springi. Skrubu yake ilikuwa imelegezwa, inaning'inia.

"Hiyo ndiyo kazi ya Spana," Kipyenga alidakia. "Kaifungua alfajiri."

"Wewe nasikia uliomba chumba hiki kiwe stoo. Mashine ikifa, stoo umepata."

Kipyenga akaishika filimbi yake kama hirizi. "Afande! Mimi nilikuwa uani, nimepiga kipyenga mbele ya watu wote. Na asubuhi nzima sikukanyaga huku. Muulize mwenyewe, huku hafiki mtu."

"Hafiki mtu," Mama Vitanzi aliitikia polepole.

"Spana je, baada ya alfajiri?"

"Asubuhi nzima alikuwa ukumbini nasi," Kipyenga alisema. "Chini ya mashine, miguu nje."

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Kulikuwa na viti viwili vya mbao: kimoja hakina mto, kimelainika kwa kukaliwa, na kingine kina mto wa kitambaa ulioshonwa kwa mkono. Inspekta akasogea kwenye kile cha mto.

"Kaa hicho kingine, changu," Mama Vitanzi alisema haraka.

"Usijisumbue, mama." Akaketi. Mto ulikuwa mnene, umeshindiliwa vizuri. "Mama, wewe uliondoka saa ngapi?"

"Filimbi ilipolia. Nilivua koni ya uzi iliyojaa, nikaweka tupu, nikaiacha inakwenda. Ilikuwa nzuri tu, mwanangu. Haina kasoro."

"Kuiacha inakwenda peke yake si ruhusa," Kipyenga alisema, "ila wote wanafanya."

Koni za siku hiyo zilikuwa zimepangwa rafuni, zote rangi ya kutu.

"Rangi hii mnaitumia siku zote?"

"Oda mpya," Kipyenga alijibu. "Imeanza kuingia mashineni leo asubuhi."

Inspekta alizikagua moja baada ya moja. Vitanzi vilikuwa sawasawa, kama vimehesabiwa. Ya mwisho tu ndiyo iliyokuwa nyembamba kuliko dada zake, na ncha ya uzi wake imekatwa kwa mkasi. Alishukuru, akaondoka.

Kituoni alimkuta Spana amekaa sakafuni mwa mahabusu, mgongo ukutani.

"Mdogo wangu, kesho unasomewa shitaka. Ulifanya nini mle alfajiri?"

"Kazi yangu."

"Hiyo nimeshaisikia. Nina redio nyumbani, nayo hurudia mambo."

Kijana alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamkauka. Inspekta alikuwa amegeuka kumwita askari. Nyuma ya sketi yake ulining'inia uzi mfupi, rangi ya kutu. Spana akanyoosha mkono katikati ya nondo, akaunyakua.

"Una uchafu, afande."

Inspekta akamdaka kifundo cha mkono. "Fungua."

"Ni takataka tu."

"Fungua, ndugu yangu. Mtu anayekabiliwa na jela hashughuliki na usafi wa sketi ya polisi."

Kiganja kikafunguka. Uzi ulikuwa na vitanzi vya ajabu, kimoja kama sikio la mbuzi, kinachofuata kama punje ya ulezi. Inspekta akaunyoosha kwenye taa, akautazama uzi, akamtazama kijana, na kijana akatazama sakafu.

"Wewe si kwamba huna la kusema," alisema taratibu. "Unamfichia mtu."

Jua lilikuwa bado halijazama walipokusanyika katika chumba cha zamani: bosi na mkoba wake, Kipyenga na filimbi yake, Spana kati ya askari wawili, na Mama Vitanzi kwenye kiti chake kisicho na mto. Inspekta hakukaa.

"Tuanze na Spana," alisema. "Mnasema kailegeza springi alfajiri. Kama ni hivyo, uzi wa asubuhi nzima ungekuwa mbovu. Lakini koni zile ni safi, bosi, hata mama mkwe asingepata la kusema. Springi imelegezwa baadaye, karibu na chakula. Saa hizo Spana alikuwa ukumbini, miguu nje."

"Basi ni nani?" bosi alifoka. "Shetani?"

Inspekta aliuchukua ule mto alioukalia mchana kutoka kiti cha pili, akatoa mkasi mfukoni, akafumua mshono. Ndani mlikuwa na mabaki ya nyuzi za miaka, ya bluu, ya kijani, ya maziwa. Na juu kabisa, chini ya mshono, bonge la uzi wa rangi ya kutu, vitanzi vinene na vyembamba.

"Rangi hii imeingia humu leo asubuhi. Mlio uliposikika, wote mlikuwa uani, na chumba kikafungwa hapo hapo. Kwa hiyo uzi huu umetoka mashineni, ukakatwa kwenye koni, ukashonewa ndani ya mto huu, yote kabla ya filimbi. Aliyefanya hivyo aliona mashine inaumwa. Akaficha dalili, akaiacha inakwenda, akaenda kula." Akageuka. "Mama, kwa nini uliukata? Ungeuacha tu kwenye koni, nisingejua kitu."

Mama Vitanzi aliitazama mikono yake.

"Siwezi kupeleka uzi mbovu," alisema. "Watu wangesema ni wangu."

Kipyenga alicheka, akagundua anacheka peke yake, akaacha.

"Wewe?" bosi alisema. "Wewe uniulie mashine? Nimekukosea nini, dada yangu?"

"Sikutaka ife! Nililegeza skrubu kama siku zote. Nusu mzunguko tu. Uzi unajiviringisha, mkanda unaoizungusha rola unateleza, mashine inasimama taratibu, haivunjiki kitu. Halafu…"

"Halafu anaitwa fundi," Inspekta alimalizia.

"Halafu anaitwa fundi. Anakaa pale. Anatengeneza huku anaongea. Ananiambia mtoto wake ameota jino. Ananiambia timu yake imefungwa. Mkisema mimi na mashine ndio mke na mume mnacheka, na mimi nacheka ili muondoke mmefurahi. Lakini mashine haijawahi kuniuliza nimelalaje." Alipangusa pua kwa kiganja. "Nyumbani hakuna mtu. Huku hakuna mtu. Nikaona nikiharibu kidogo, mtu anakuja."

Bosi aliushusha mkoba wake sakafuni.

"Na leo mbona haikusimama?" Inspekta aliuliza. Aliyejibu ni Spana.

"Kwa sababu yangu, afande. Bosi jana alisema mashine hii ikisimama tena, mimi ndiye wa kufukuzwa. Nikamwambia mkanda umekwisha, iko siku itapasuka, akasema natafuta visingizio. Nikaleta mkanda wangu mpya, nikaufunga alfajiri. Mpya hautelezi. Rola ilipokwama, mkanda ukaendelea kuvuta mpaka gia ikapasuka." Akaionyesha kwa kidevu. "Sikumwambia Mama. Nilijua nikimwambia ataniuliza kwa nini."

Mama Vitanzi aliinua uso. "Kwa hiyo ulijua?"

"Skrubu haijilegezi yenyewe kila wiki, Mama. Tena Alhamisi kwa Alhamisi."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Kule ukumbini wananituma tu, Spana leta, Spana funga. Hapa palikuwa na kiti."

Askari mmoja alijikohoza akatazama nje kupitia tundu la kioo. Inspekta aliwaambia wamfungue kijana pingu. Bosi alikuwa bado anaitazama ile gia, kisha akamtazama yule mwanamke, kama ndiyo kwanza anamwona.

"Mwachieni kijana," alisema mwishowe. "Lakini huyu, mashine yangu imekufa, siwezi kusema haijafa. Acha sheria iseme."

"Anakwenda kutoa maelezo," Inspekta alisema. "Nitaandika alichokusudia na kilichotokea, kila kimoja peke yake. Wewe nawe, bosi, utaandikiwa ule mkanda ulioambiwa umekwisha."

Spana aliitupa ovaroli yake begani. "Nakuja nanyi."

"Wewe umeachiwa, mdogo wangu."

"Najua."

Mama Vitanzi alisimama. Hakuitazama mashine hata kidogo. Alimsogelea Inspekta, akauliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie:

"Mwanangu, huko mahabusu mtu anawekwa peke yake?"

Inspekta alifikiria namna ya kumtuliza, kisha akaona ukweli ndio rahisi zaidi.

"Hapana, mama. Wanakuwa sita, saba, chumba kimoja. Wanaongea usiku kucha, hata usingizi hupati."

Mama Vitanzi akalikung'uta koti lake, akalinyoosha mabegani.

"Basi twende," alisema.